Nyuma ya Injini

Kila siku akirudi kutoka shule, Sindano alikuwa akivua sare, akivaa gauni kuukuu lenye madoa ya grisi, akinywa chai iliyokwisha poa, kisha akitokea mlango wa nyuma. Huko ndiko ilikokuwa gereji ya mama yake: uwanja ulioinama kidogo kuelekea getini, paa la mabati upande mmoja, meza ya chuma iliyojaa spana, na magari ya watu yaliyoachama boneti.

Jina la Sindano alipewa na mjomba wake kwa sababu ya wembamba wake. "Huyu," Mjomba alipenda kusema, "ukimtuma dukani akakuta mlango umefungwa, atapita kwenye tundu la ufunguo na atarudi na sukari." Wembamba huo ulikuwa na kazi yake. Nyuma ya injini, karibu na ukuta wa chuma ulio mbele ya viti, huwa pana uwazi mdogo. Mkono wa Mama haukupita hapo. Wa Mjomba, wenye vidole vya kukandia saruji, haukuthubutu hata kujaribu. Wa Sindano ulipita.

Mama alikuwa na sheria moja kwa gari linalovuja: hakuna nati inayofunguliwa kabla injini haijafutwa ikakauka, mbele na nyuma. "Injini iliyolowa kote inasingizia kote," alisema. Kazi ya kufuta ilikuwa ya Sindano. Akisema, "Mama, kukavu," Mama hakuinama kuangalia tena. Jambo hilo lilimpa Sindano maringo kidogo mbele ya wenzake.

Siku hiyo gari lililoletwa lilikuwa la mwalimu wa udereva, mtu ambaye hakuweza kuongea bila kuingiza barabara katika maneno yake.

"Mama Fundi," alisema, "gari hili linakunywa maji kumshinda ng'ombe. Asubuhi najaza rejeta, jioni imepungua. Na kesho asubuhi wanafunzi wangu wana mtihani. Hapa nilipo nimewakiwa na taa nyekundu."

"Liache hapo hapo, mwalimu. Rudi jioni."

Gari liliachwa pua yake ikielekea getini, kwenye mteremko. Mama alipasha injini moto, akaizima, akaiacha ipoe, kisha akampa Sindano tambara.

"Futa yote. Mbele futa, lakini nyuma ndiko ninakokutaka hasa. Kuna mpira mfupi wa maji kule. Upapase wote. Ukigusa unyevu, niambie."

"Sawa, Mama."

Mbele kulifutika upesi. Nyuma je? Nyuma kulikuwa na vumbi lililogandamana na mafuta, na vyuma vyenye ncha. Mara ya mwisho alipopitisha mkono huko alirudi na vidole vimechubuka. Tena nje ya geti wenzake walikuwa wameshaanza kuruka kamba, wakimwita kwa sauti za kuudhi: "Sindano! Uzi umekukatikia?" Akachungulia ule uwazi, akaona giza tu. Giza si maji, alijiambia, akalitupa tambara mezani.

"Mama, nimefuta kote."

"Na nyuma?"

"Nimepapasa. Kukavu."

Akatoka mbio. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa kumezwa bila maji.

Aliporudi, jasho likimtiririka, aliwakuta Mama na Mjomba wameinamia injini inayonguruma. Chini ya pampu ya maji, tone lilikuwa linajikusanya taratibu. Likavimba, likadondoka, na jingine likaanza.

"Naliona, dada," Mjomba alisema. "Lakini pampu hii niliifunga mimi mwenyewe mwezi uliopita. Niliweka gasketi mpya, nikakaza nati moja moja. Haiwezi kuvuja."

"Haiwezi, na inavuja! Rejeta haina tundu, mipira ya mbele mizima, nyuma kukavu. Sasa niambie, mdogo wangu, haya maji yanashuka mbinguni?"

Mjomba alijikuna kichwa, kisha akamgeukia Sindano. Hakuwa akimtilia shaka. Alitaka tu apate pa kuanzia.

"Mpwa wangu, kule nyuma ulifika hadi kwenye ule mpira?"

Hapo angeweza kusema. Angekaripiwa, angerudishwa kazini, na yangeishia hapo. Lakini Mama alikuwa akimtazama kwa utulivu wa mtu anayelijua jibu, na Sindano akaona aibu kumharibia.

"Nilifika," alisema. "Kukavu kabisa."

Neno "kabisa" lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Hakuna aliyeliomba.

"Umesikia?" Mama alimwambia ndugu yake. "Tufungue pampu. Sindano, shika tochi, simama hapa katikati yetu, usisogee."

Basi akasimama pale, Mama kulia, Mjomba kushoto, boneti juu ya kichwa chake. Maji yakamwagwa kwenye karai. Mkanda ukalegezwa. Kisha zikaanza nati, na kila iliyofunguka kwenye pampu, Sindano aliisikia ikikazwa kifuani mwake. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili Mama akasema, "Tochi, mwanangu, mulika hapa."

Pampu ikatoka. Mjomba akaigeuza kwenye mwanga, akaikagua, akaionyesha. Gasketi, ule utando unaoziba maungio, ilikuwa nzima, haikuchanika popote.

"Ina kosa gani, dada?"

"Hukuikaza sawasawa, basi."

Waliweka gasketi nyingine, wakarudisha pampu, wakafunga kila kitu, wakajaza maji, wakawasha. Wakasubiri injini ipate moto. Tone likajikusanya pale pale, likadondoka.

Hapo Mama akachemka kuliko injini. "Mwezi uliopita ulikuwa na simu sikioni kutwa nzima! Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa unafunga pampu za watu! Jina lililoandikwa getini ni langu, si lako!"

Mjomba aliifuta mikono yake polepole. Sindano hakuwahi kumwona amekosa mzaha hivyo, yeye ambaye hata akijigonga nyundo kidoleni alitafuta la kuchekesha.

"Dada," alisema, "nipo hapa tangu huyu hajaota meno. Kama nati nilizokaza kwa mikono yangu hazinitetei, na neno langu halinitetei, basi mimi hapa sina kazi. Nitatafuta kwingine."

Akapanga spana zake mezani, moja baada ya nyingine, akaenda chumbani kwake, pale pembeni ya geti. Kupitia dirishani Sindano alimwona akishusha mfuko kutoka juu ya kabati.

Mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake huku ameshika tandiko. Ndiye aliyekuwa akimngojea njiani mvua ikinyesha. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na mtego huu alikuwa ameutega yeye, kwa tambara na uvivu. Kabla ya pampu kufunguliwa, ukweli ulikuwa neno moja tu. Sasa ulikuwa mzigo: kulikuwa na pampu, kazi ya jioni nzima, matusi, na mfuko wa Mjomba. Atauanzia wapi?

Getini mwalimu wa udereva alikuwa amerudi. Mama, aliyekuwa amezima gari kitambo, akamfuata.

"Mama Fundi, taa imegeuka kijani?"

"Bado, mwalimu."

"Hata ya njano?"

Sindano alibaki peke yake na injini iliyokuwa ikipoa. Ndipo likamjia wazo la mtu aliyebanwa. Akifuta nyuma sasa hivi, kukakauka, si itakuwa kweli kwamba kukavu? Uongo wake utakuwa ukweli uliochelewa kidogo tu. Alichukua tambara, akapitisha mkono kwenye uwazi. Chuma kilikuwa cha moto kidogo, kikamkwaruza. Vidole vikateleza, vikateleza, vikagusa ule mpira mfupi.

Ulikuwa umelowa chepechepe. Tone la vuguvugu likamwangukia kidoleni, kisha lingine. Akapapasa juu yake na kukuta ufa, pale mpira ulipobanwa na klipu. Akafuta. Tone likaja. Akafuta tena. Tone likaja tena. Tambara likawa zito, na bado maji yalikuwa yakija.

Mlango wa chumba cha Mjomba ukalia. Sindano akavuta mkono haraka, nao ukakataa. Uwazi uliokubali kupitisha kiganja kilichonyooka ulikataa kutoa ngumi iliyokumbatia tambara. Akavuta kwa nguvu zote hadi machozi yakamtoka. Angeliachia tambara, mkono ungetoka. Lakini lingebaki humo, limelowa, mahali alipoapa kuwa kukavu. Akalishikilia, shavu lake limelala juu ya chuma, pumzi zikimpaa.

"Sindano!" Mama aliita kutoka getini. "Unafanya nini humo?"

"Mkono... mkono umekwama, Mama."

Mama alikuja mbio. Mjomba, aliyekuwa ameshafika getini, aliutupa mfuko chini, akaja mbio vilevile. Mama akamulika tochi ndani ya uwazi.

"Umeshika nini?"

Sindano akazidi kukunja ngumi.

"Sindano, umeshika nini?"

"Tambara."

"Liachie, mkono utatoka."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Si kufungua vidole tu?"

"Nikiliachia mtajua!" Sindano akaangua kilio. "Limelowa, Mama. Kumelowa huku! Sikupapasa. Nilifuta mbele tu, nyuma sikugusa, nikakimbilia kamba. Mpira una ufa, maji yananidondokea sasa hivi. Pampu ya Mjomba ni nzima!"

Vidole vikafunguka. Tambara likaanguka, likasikika likijibamiza chini, pwaa. Mkono ukatoka bila taabu yoyote.

Mwalimu wa udereva, kwa mara ya kwanza maishani mwake labda, hakuwa na alama ya barabarani ya kutaja. Mama alisimama akimtazama bintiye, kisha akageuka, akaenda kuchukua kioo kidogo. Alikiingiza nyuma ya injini kwa koleo refu, akamulika. Ufa ulionekana, na bomba jembamba la chuma lililotoka hapo kufuata ubavu wa injini hadi kwenye pampu.

"Gari limeinamisha pua," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yanatoka huku nyuma, yanatambaa na hili bomba, yanakwenda kudondokea kwenye pampu. Pampu imesingiziwa." Akamgeukia Mjomba. "Na wewe umesingiziwa, mdogo wangu. Nimeitukana mikono yako kwa jambo nisilolihakikisha kwa macho yangu. Nimekukosea. Nisamehe."

"Imeniuma, dada," Mjomba alisema. Kisha akakunja mikono ya shati.

Walikata ule mpira, wakaweka mpya, wakaubana kwa klipu mpya. Sindano alirudishwa kufuta, safari hii na tambara kavu, na hakukuwa na mchubuko uliomfanya aache. Mama alipulizia unga wa chaki kote ili maji yakipita popote yaache mchirizi. Injini iliachwa ingurume hadi mwalimu alipomaliza kisa kirefu cha mwanafunzi wake aliyepitisha gari kwenye kamba ya kuanikia nguo. Chaki ilibaki nyeupe, nyuma na mbele. Mwalimu akaondoka, akipiga honi hadi alipokata kona.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwita Sindano.

"Unajua ni kosa lipi lililonichoma?"

"Sikufuta nyuma."

"Hapana. Uvivu naujua, hata mimi unanitembelea. Ungeniambia, 'Mama, nyuma sijafika,' ningekugombeza, ungefika, na tungeuona huo mpira palepale. Fundi anayesema 'sijaangalia' anatuonyesha pa kuangalia. Anayesema 'nimeangalia' naye hakuangalia, anatufungia mlango pale pale palipo na ugonjwa. Sisi tukaenda kupasua kisichougua. Na ulipoulizwa mara ya pili, ukaongeza 'kabisa'. Nusura nimpoteze ndugu yangu." Akaelekeza kidole kwa Mjomba. "Usiombe msamaha kwangu kwanza. Nenda kwa mwenyewe."

Mjomba alikuwa akirudisha spana mahali pake. Sindano alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mjomba, nisamehe."

"Nilikuuliza," Mjomba alisema, hakuwa na mzaha hata chembe. "Mama yako aliponitukana, nilijiambia, huyu hajui. Lakini wewe ulikuwa unajua, na ulinishikia tochi."

Sindano alilia bila kujificha. Mjomba alingoja hadi alipotulia.

"Nimekusamehe, mpwa wangu. Hilo limekwisha. Lakini imani si kama mpira wa maji, mtu ukautoa mbovu ukaweka mpya jioni ile ile. Kesho ukiniambia kukavu, nitainama niangalie mwenyewe. Kesho kutwa pia. Wewe endelea kusema kweli tu, hata ikikuchubua. Siku utakapoona nimeacha kuinama, ujue imerudi."

Akauchukua mfuko wake uliokuwa bado umelala getini, akaupangusa vumbi. Sindano akatangulia kumfungulia mlango wa chumba chake.