Ukuta Uliokohoa

Kioo cha bafuni kilikuwa kinatoka jasho saa nane mchana, na tangu alfajiri hakuna aliyeoga. Mshonaji alikifuta kwa kiwiko, akarudi kwenye cherehani yake. Alipokwenda tena kunawa, kilikuwa kimelowa upya, kana kwamba mtu alikuwa akikihemea kwa karibu.

"Wifi, umeoga?"

"Niogee wapi na uvundo huo?" dada wa mumewe alimjibu kutoka jikoni.

Uvundo huo waliuleta wenyewe. Mwezi uliopita upepo ulipiga mluzi kwenye kidirisha cha bafuni, na wifi mtu, ambaye kwa woga hana mpinzani, akashikilia kwamba ni jini anatafuta njia ya kuingia. Wakafunga dirisha, wakaziba kila tundu la hewa kwa mabaki ya vitambaa, wakapigilia ubao juu yake. Walijiona wajanja sana.

Tangu hapo mvuke wa maji ya moto ulikosa pa kutokea. Madoa meusi ya kuvu yalianzia sakafuni, yakaparamia ukuta siku baada ya siku. Mshonaji aliyasugua mpaka vidole vikachubuka. Kesho yake yalikuwa pale pale, tena yamenenepa. Hayo angeyavumilia. Kilichomnyima raha ni binti yake wa miaka sita, aliyeitwa Mkia kwa kumfuata mama kila aendako, ambaye sasa akipanda ngazi mbili tu hukaa chini kutafuta pumzi.

Alasiri moja, akiogeshwa, Mkia alikohoa. Ukuta nao ukakohoa.

Mshonaji aliganda na kopo mkononi, akayatazama yale madoa ambayo asubuhi yalikuwa madoa tu, akaona yana mabega, yana shingo, yana kichwa kilichoinama upande kama cha mtoto anayesikiliza, na akaona pia, huku maji yakimchuruzika, kwamba kimo chake kilikuwa sawasawa na kimo cha mwanawe.

"Mama, ananiiga," Mkia alinong'ona. "Nikivuta pumzi, yeye anaivuta kwanza."

Mganga alikuja kesho yake adhuhuri, mama mnene mwenye miwani. Wifi alimpokea na ubani unaofuka. Mganga akausukuma kando.

"Moshi tena? Mmemnenepesha vya kutosha." Akashusha sauti. "Huyu anakula pumzi za watu, zile zinazobaki ukutani mkishaoga. Dirisha likiwa wazi zinatoka, naye anapita zake. Nyinyi mmemfungia ndani na chakula chake, akanenepa, kikawa hakimtoshi tena, akamgeukia mtoto. Nileteeni nyundo."

Ubao uling'oka. Vitambaa vilitoka vikidondosha maji meusi, na hewa nzito yenye harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo ikapita katikati yao kwenda nje.

"Mkioga, acheni wazi mpaka ukuta ukauke. Nguo mbichi anikeni nje," mganga aliagiza. "Hajaenda mbali. Mkimfungia tena, hatakula kidogo kidogo."

Madoa yalikauka. Siku ya nne Mkia alipanda ngazi zote akiimba, na mama yake akaenda chumbani kulia kwa furaha.

Siku ya tano mvua ilinyesha kutwa. Mkia alikuwa amesinzia mapajani mwa mama yake, kifua kikipanda na kushuka bila kukoroma, na mshonaji alikuwa akipinda shati kwa mkono, taratibu asimwamshe, aliposikia sauti ya binti yake, ile ile ya kudeka, ikitoka bafuni.

"Mama, nasikia baridi. Nifungie dirisha."

Sindano ilimponyoka. Alimkumbatia mtoto, akamtazama midomo: ilikuwa imefumba.

"Shangazi," sauti ikasema, "basi nifungie wewe."

"Naja, mwanangu," wifi aliitika kwa upendo kutoka jikoni, na ndala zake zikaburuzika kuelekea bafuni.

"Wifi, usifunge. Mkia yuko huku kwangu," mshonaji alisema hatimaye, lakini komeo lilikuwa limeshagonga.

Mikononi mwake kifua cha Mkia kilishuka, na mama yake akangoja kinyanyuke.