Waya Chini ya Mlango

Haya yalimkuta rafiki yetu, mpiga video wa harusi, na si mtu wa kutia chumvi. Mama yake alikuwa akikabwa pumzi usingizini kila mchana, na daktari akataka video ya saa nne mfululizo. Kadi ya kamera hujaa kwa saa moja, basi akapitisha waya chini ya mlango ili irekodi moja kwa moja kwenye laptopu sebuleni. Akafunga mapazia, chumba kikaingia kiza.

"Kumbe leo bibi harusi ni mimi?" mama alitania.

"Lala, mama, usiniharibie kazi."

Katika saa ya tatu ya kurekodi, spika ya laptopu ikatoa sauti ya mama, ya upole, kama anayemjibu mtu: "Ngoja kwanza nimuage."

Akakimbilia chumbani. Mama alikuwa amelala fofofo, anapumua vizuri. Lakini kamera ilikuwa imezimwa, na ncha ya waya ilikuwa imechomolewa na kulazwa kitini.

Akarudi sebuleni. Laptopu ilikuwa bado inarekodi. Kwenye kioo chake, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akipapasa ndara zake gizani kwa mguu.