Nailoni Sakafuni

Mnisamehe, hadithi hii nitaiharibu. Mwenyewe akiisimulia hutetemeka. Mimi nikiogopa hucheka.

Rafiki yangu fundi alikuwa akisawazisha sakafu ya saruji yenye mabonde, apige mbao juu yake kabla mama mkwe wake hajahamia chumba hicho kesho yake. Ili kupima unyevu, alilaza kipande cha nailoni sakafuni, akaziba kingo zote nne kwa selotepu. Aliporudi mchana, madirisha yamefungwa, chumba kiza, akasikia kitu kikichakarika, kikinyamaza, kikichakarika tena. Akawasha tochi. Nailoni ilikuwa ikivimba na kunywea, na katikati yake ukungu wa mviringo, kama wa mtu aliyepumulia kioo.

Akanipigia simu akinong'ona. "Kaka, sakafu inapumua!"

"Na mkweo keshafunga mizigo. Utamwambia nini?"

"Sitanii, kaka."

"Piga mbao juu, ndugu yangu. Itanyamaza."

Akapiga, ikanyamaza. Ila mama mkwe anasema kila akizima taa, kitanda hupanda taratibu, kikashuka taratibu. Wiki hii kinapanda harakaharaka, kama kifua cha mtu anayekosa hewa.

Na aliyeshauri pazibwe ni mimi.