Nilimshauri Mwalimu wa Watoto, Akanicheka

Nina miaka sitini na tisa, mjane, naishi huku milimani Mhezi na mjukuu wangu Nakijwa. Namshukuru Mungu kwa yote... hata kwa haya ninayowasimulia kwa uchungu.

Nakijwa ana miaka minane na ana kigugumizi. Nyumbani alikuwa ameanza kuombea chakula kwa sauti, polepole, nami namngoja. Furaha yangu ilikuwa kubwa mno!

Kiongozi wa watoto kanisani kwetu ni Eliwaza. Nilimfundisha mimi Shule ya Jumapili, na nguvu ziliponiishia nikamkabidhi watoto mwenyewe. Kumbe nilikuwa namkabidhi mtu anayependa kutazamwa!

Ilipokaribia Siku ya Mikaeli na Watoto, ambayo watoto ndio huongoza ibada, akampa kila mtoto mstari wa kusema peke yake kwenye kipaza sauti. Nikamfuata nyumbani kwake, faraghani, kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nakijwa mchanganye na wenzake wawili. Akisema na wenzake hakwami."

Akacheka, macho kwenye simu. "Bibi na wewe! Niharibu mpangilio kwa ajili ya mtoto mmoja? Video inarushwa kwenye grupu, hadi ndugu zetu wa Dar wanaangalia!"

Video... Mtu mzima, mlezi wa watoto, anawaza video!

Kisha akawatangazia akina mama wa kwaya kwamba namwonea wivu. Nao wakamjaza upepo: "Achana na hao wazee, mwalimu, wewe unaweza!" Wanafiki wakubwa! Hata mmoja hakumpenda kiasi cha kumwambia ukweli.

Ningemficha mtoto nyumbani? Alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima, akiwasemea mstari wake hata mbuzi.

Siku ikafika. Nakijwa akashika kipaza sauti. "Bwa... Bwa... Bwa..." Eliwaza akampokonya. "Haya, huyu betri imeisha! Mwingine!"

Kanisa zima likacheka... Nikamshika mtoto mkono tukatoka.

Mchungaji alipomwita, Eliwaza alilia kwamba anapigwa vita. Ukimsifu, ni Roho amekutuma. Ukimrekebisha, umetumwa na shetani! Jioni akarusha video, sehemu ya Nakijwa ameikata. Watu wakamjazia makofi.

Tangu hapo mtoto haombi tena. Chakula kikiwekwa, anainama kimya, anangoja niombe mimi. Ni nani atakayemrudishia sauti yake? Wale wa makofi?

Eliwaza nimemsamehe, maana nimeamriwa. Kumheshimu sikuamriwa.

Ninyi mnaolea watoto wa Mungu, nawasihi! Mtu akija mlangoni kwako kukuonyesha ulipokosea, usimwulize ametumwa na nani. Mpe kiti. Weka simu chini. Msikilize mpaka amalize, kisha mshukuru, hata kama moyo unakuchoma. Ni heri uumie wewe sebuleni kwako kuliko mtoto aaibishwe mbele ya madhabahu.