Lenzi ya Kupanulia Picha

Tangu mama yake afariki, Blandina ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao Rhotia. Aliwasha moto, akakoroga uji, akamnawisha uso mdogo wake Josephati, kisha akakimbilia shule. Jumamosi hiyo hakukuwa na shule, lakini aliamka mapema kuliko siku zote. Gari la sinema lilikuwa limefika.

Na haikuwa sinema ya hivi hivi tu, ilikuwa imepigwa palepale kijijini. Miaka miwili nyuma, wapiga picha wa idara ya kilimo walikuja kuwapiga picha za sinema akina mama wakivuna maharage, na mama yake, Leonida, alikuwa miongoni mwao. Baadaye maradhi yalimkausha akabaki mifupa mitupu, hadi yakamchukua. Nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja. Josephati, aliyekuwa bado anatambaa wakati wa msiba, hakuijua sura ya mama yake.

"Leo utamwona mama," baba yao, Patrisi, alimwambia mtoto, naye mtoto akarukaruka.

Asubuhi Blandina alimchukua Josephati wakapeleka shuka ukumbini. Kitambaa cha sinema hakikutosha upana, hivyo akina mama walikuwa nje wakiunganisha mashuka. Ndani, Bwana Wilibrodi, mwendesha sinema, mtu wa maneno mengi, alimwonyesha Blandina lenzi nene iliyokuwa ndani ya sanduku.

"Zamani picha za sinema hazikuwa pana, zilikaribia mraba," alisema. "Watu wakataka kuona bonde zima kwa mara moja. Mafundi wakabuni ujanja. Wakati wa kupiga, lenzi huibana picha iingie kwenye mkanda uleule mwembamba. Wakati wa kuonyesha, hii hapa huipanua tena. Usiiguse, mwanangu. Ninayo hii tu."

Akaenda kunywa chai. Lakini mikono ya Blandina ilikuwa inawasha. Aliinua lenzi amtazame Josephati akiwa mpana kama pipa. Ikamponyoka, ikapiga sakafu ya saruji, kioo chake kikapasuka. Blandina alitazama mlangoni. Akairudisha sandukuni, akafunga kifuniko, akatoka kwenda kushona na akina mama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alasiri ukumbi ulijaa, madirisha yakazibwa kwa mablanketi. Bwana Wilibrodi alipofungua sanduku, alishika kichwa.

"Jamani, barabara mbovu imeniulia lenzi! Tutatazama hivyo hivyo, mnisamehe."

Jenereta likaunguruma. Kwenye shuka wakatokea watu warefu, wembamba kama mabua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Halafu akapita Leonida, mzigo wa maharage kichwani, mashavu yamebonyea, mabega yamekwisha, vilevile alivyokuwa kitandani siku zake za mwisho. Watu waliendelea kucheka. Baba akajifunika uso kwa kofia.

"Ndiye huyo?" Josephati aliuliza. "Simtaki. Ananitisha."

Maneno hayo yalimchoma Blandina. Hakuna aliyemshuku, lawama zote zilikuwa zimebebwa na barabara. Angeweza kunyamaza tu mpaka gari liondoke. Alisimama, machozi yakimtiririka.

"Bwana Wilibrodi, zima! Si barabara. Ni mimi niliyeiangusha. Na yule ni mama yangu, hakuwa vile! Amefariki, na mdogo wangu hajui sura yake."

Mashine ikazimwa. Bwana Wilibrodi hakufoka, na hilo liliuma zaidi.

"Mwenzangu alikuwa Karatu na lenzi kama hii mpaka saa sita," alisema polepole. "Ungeniambia asubuhi, ningeifuata. Sasa yuko njiani kwenda Arusha."

Blandina alilia kwa kwikwi. Bwana Wilibrodi akatazama mashine, akatazama shuka.

"Haya, tuligeuze shuka! Upande mmoja uje karibu na mashine, mwingine urudi nyuma. Picha ikianguka kwa mshazari itatanuka. Pembeni kutakuwa na ukungu, ila katikati tutaona."

Watu wakahamisha mabenchi kulikabili shuka, naye akaurudisha mkanda mwanzo. Safari hii hakuna aliyecheka. Leonida akatokea ndani ya ukungu, akafika katikati, akaonekana wazi: mashavu yamejaa, mabega mapana, akimchekea mtu asiyeonekana. Hatua chache tu, kisha ukungu wa upande wa pili ukamfunika. Baba alilia kwa sauti, mbele ya watu wote.

Njiani kurudi nyumbani, baba alimshika Blandina mkono.

"Lenzi ni kitu, na kitu huvunjika. Sikukasirikii kwa hilo," alisema. "Lakini kosa ukilificha, linaendelea kuwaumiza wengine wakati wewe umekaa kimya. Ukikosea, sema palepale, wakati bado kuna la kufanya."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Umechelewa kusema, lakini umesema."

Josephati alivuta gauni la dada yake. "Kesho tutakwenda tena kumwona mama?"

Blandina angeweza kusema ndiyo, mtoto akalala kwa furaha. Alichuchumaa mbele yake.

"Hapana, Josephati. Gari linaondoka. Hatutamwona tena."

Akambeba mgongoni, akamwacha alie.