Jini Lililosoma Neno la Zargham

Zargham aliiamuru seva imwonyeshe kila aliyeingia kwenye hifadhidata ya hospitali, akajikuta yumo mara mbili.

Zargham wa kwanza ndiye yeye, mwenye kikombe cha chai ya maziwa mkononi na paratha mbili tumboni. Zargham wa pili aliingia kutokea mashine ile ile, kwenye chumba kile kile cha chini ya ardhi. Na chumbani hamkuwa na mtu mwingine ila mkubwa wake wa kazi, Baji Nausheen, dada wa watu wote humo, aliyekuwa akimenya embe kwa kisu.

"Baji, umeingia kwa jina langu?"

"Niingie kwa jina lako nitafute nini, mdogo wangu? Uzuri?"

Ilikuwa adhuhuri ya Juni hapo Multan, saa ambayo hata mbwa huona kubweka ni kujichosha bure. Juu jenereta ilinguruma. Chini kukaanza kunuka, kidogo tu, kama nywele zilizopitishwa motoni.

Sasa, huyu Zargham alikuwa na vidole vyepesi kuliko vyote vya Punjab nzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na hakuwahi kujipinga. Kila akiingia kwenye hifadhidata aliandika yote kwa mstari mmoja, amri, jina lake na neno lake la siri, peupe, kisha anapiga kitufe kama anaua nzi. Baji Nausheen alikuwa amemsema mpaka ulimi umeota sugu.

"Acha mashine ikuulize," alimwambia tena asubuhi hiyo hiyo. "Ikikuuliza unaandika, skrini haionyeshi hata nukta. Ukiliweka kwenye mstari wa amri, yeyote aliyemo kwenye mashine hii akiorodhesha kazi zinazoendelea analiona lilivyo. Na kumbukumbu ya amri inalitunza hata ukifa."

"Na nani yumo humu, Baji, zaidi ya mimi na wewe?"

Hilo ndilo swali lililojibiwa mchana ule.

Zargham wa pili aliandika amri moja, na mgonjwa mmoja akafutwa kwenye jedwali la wodi ya wanawake, ile iliyokuwa juu yao. Aliyefutwa ni wa kitanda cha mlangoni. Juu ya vichwa vyao kitu kizito kikagonga, kikagonga, kikagonga tena. Simu ya mezani ikalia.

"Kaka Zargham," nesi wa wodi alinong'ona, meno yakimgongana. "Mama wa kitanda cha mlangoni amenyanyuliwa. Hakuna aliyemshika. Amebamizwa ukutani mpaka... kaka, uso wake haupo."

Jedwali lilienda kwa mpangilio wa vitanda, kutoka mlangoni hadi dirishani. Na kwenye kitanda cha dirishani alilala Rubab, mkewe Zargham, mimba imetimia, akisubiri uchungu.

"Mtoeni mke wangu humo. Mtoeni sasa hivi."

"Mlango haufunguki, kaka."

Baji Nausheen alikuwa ameshang'oa waya wa umeme wa seva. Taa zake ziliendelea kuwaka, na waya ukajipinda mkononi mwake kama kitu chenye mgongo.

Zargham akakimbilia kubadilisha neno la siri. Vidole vyake vikafanya vilichozoea, amri na neno jipya kwenye mstari mmoja, peupe, kitufe. Nyuma ya shingo yake, kwa pumzi ya moto, kitu kikalisoma lile neno herufi kwa herufi, polepole, kama mtoto wa madrasa anayejifunza alifu. Zargham wa pili akaingia tena. Mgonjwa mwingine akafutwa. Juu kitu kikabamiza tena, na kutoka kwenye tundu la hewa damu ikadondoka juu ya kibodi.

Akabadilisha tena, kwa haraka zaidi. Likasomwa tena.

Mlinzi Allah Ditta alishuka ngazi na bunduki yake kusikiliza zogo. Alikamatwa miguu na kitu ambacho macho hayakukiona, akapigwa kwenye makabati ya seva huku na huku, mifupa ikilia kama miwa kwenye kinu, mpaka kilichobaki hakikuwa na haja ya bunduki.

"Mpumbavu wewe, unalisomea jini," alisema Baji Nausheen, akambamiza kidole kwa mpini wa kisu. "Babu yangu alitoa majini kwenye mji wa Uch miaka yote, na hakuna aliyewahi kusikia alichokuwa anasoma. Alikisoma moyoni, akapuliza kwenye maji. Kata miunganisho yake yote, halafu andika amri tupu. Neno usiliweke. Ngoja uulizwe."

Jini lilielewa kabla ya Zargham. Likaushika mkono wake wa kulia na kuvunja vidole kimoja baada ya kingine, bila haraka, na yeye akipiga mayowe huku kidole cha kushoto kikitafuta herufi, na Baji Nausheen akachoma hewa kwa kisu cha embe mpaka kisu kikaingia kwenye kitu na damu nyeusi ikaruka ikichemka na kumchubua uso, akarushwa ukutani bega likaachia, akanyanyuka akashika kitu kama manyoya ya shingo na kuning'inia hapo kwa mkono uliobaki, akitukana matusi ambayo hakuna aliyejua mwanamke yule anayajua.

Miunganisho ikakatika. Amri tupu ikaandikwa. Mashine ikamuuliza neno jipya.

Zargham akaandika kilichokuwa moyoni, maana hakukuwa na muda wa kutafuta kingine. Lilikuwa jina la mtoto wao, jina walilochagua chini ya shuka, ambalo hata mama yake mzazi hajaambiwa. Skrini ilibaki tupu. Kitu kikainama juu ya bega lake, kikaangalia, kikakosa cha kusoma. Kikalia kilio kilichopasua kioo cha saa ya ukutani. Kisha joto likatoka chumbani kwa mara moja, kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri na kuufunga.

Kwenye orodha alibaki Zargham mmoja.

Alimwacha Baji Nausheen sakafuni ameshika bega lake, akapanda ngazi akiwa ameukumbatia mkono wake. Mlango wa wodi sasa ulikuwa wazi. Kuta zilikuwa nyekundu hadi darini, na alipita katikati ya vitanda bila kutazama vilichobeba. Kwenye kile cha dirishani Rubab alikuwa amekaa, mzima, mikono tumboni, macho yamemtoka.

"Umerudi tena?" alinong'ona. "Na mkono umefanyaje?"

"Nimerudi wapi? Ndiyo kwanza nafika."

"Si umetoka hapa sasa hivi. Uliinama sikioni kwangu, unanuka moshi, ukaniuliza mtoto tulikubaliana aitwe nani."

"Na wewe?"

"Nikakwambia. Ulivyokuwa unatetemeka, nilidhani hofu imekusahaulisha."

Zargham akamshika mkewe kiunoni kwa mkono wake mzima. Miguu ya kitanda ilikuwa tayari imeachana na sakafu.