Nilivyoitikia Twende Kilioni

Sogeeni hapa karibu na miguu yangu. Wewe wa mlangoni, rudishia huo mlango kwanza. Simu chini, vicheko mfukoni. Hadithi hii siisimulii kwa sauti ya juu. Mkipiga kelele nitanyamaza, na nikinyamaza ndiyo basi tena. Mnanijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasuka nywele kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yangu. Mtaa mzima ulimwita Shangazi Uzi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila uzi mweusi mdomoni. Alicheka nao, akapika nao, hata kugomba aligomba nao katikati ya meno.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kichwa ni barua. "Hawa wa siku hizi wanasukia urembo," alikuwa akisema. "Zamani mtu ulimsoma kwa nyuma kabla hajageuka." Mistari inayokutana utosini, huyo bibi harusi. Nywele za uzi zilizosimama wima, huyo ametoka kujifungua. Nywele zilizofumuliwa zikaachwa hivyo hivyo, huyo mjane. Na ile mistari minene inayolala kwenda nyuma moja kwa moja, saba tu, isiyo na pambo? Hiyo ilikuwa ya msiba. Habari ya kifo ikifika, wanawake hawakuwa na muda wa kukaa. Walisukana pale pale mlangoni, haraka haraka, mmoja akimvuta mwenzake: twende, twende kilioni. Jina likabaki. Leo hata watoto wa shule wanasuka twende kilioni, na hakuna anayeuliza kilio cha nani.

Shangazi alinipa sharti moja tu. Jua likishazama, mtu akitaka mtindo ule, usiutaje. Sema "mistari ya nyuma".

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu lile si jina, mwanangu. Ule ni mwaliko."

Nilicheka. Wakati ule nilikuwa na meno yote, nacheka kila kitu.

Sasa, jioni hiyo, binti yangu, huyo mnayemwita Mama Mkubwa, alikuwa na miaka mitatu na homa ya siku ya nne. Alilala chumba cha nyuma, katikati yetu pazia tu. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Kabla yake nilishazika mmoja. Huyu ndiye aliyebaki.

Magharibi ikiingia, Shangazi akajitanda mtandio aende duka la dawa.

"Fagia nywele, funga mlango," akasema. "Sikawii."

Nikafagia. Mlango sikufunga. Nilitaka upepo umfikie mtoto.

Nilipoinua kichwa, palikuwa na mwanamke juu ya kigoda.

Sikusikia hatua. Amekaa, amenipa mgongo, kitambaa cheusi kimeshushwa mabegani. Nywele zake nyingi, zimefumuliwa. Na harufu... harufu ya udongo uliolowa. Nikajiambia, labda ametoka shambani.

"Karibu, dada. Ila tumefunga. Nina mgonjwa ndani."

"Sitakuchelewesha." Sauti ndogo, kama ya mtu anayeongea amejifunika shuka gubigubi. "Twende kilioni."

Mazoea ya msusi mnayajua. Mteja akitaja mtindo, unaurudia, msije mkagombana baadaye. Akisema mabutu, nawe unasema haya, mabutu. Mdomo unakwenda wenyewe.

"Haya," nikasema. "Twende kilioni."

Akacheka kidogo. Akainamisha kichwa.

Nikaingiza kitana. Ngozi ilikuwa ya baridi, baridi ya sakafu alfajiri. Nikapasua njia ya kwanza, nikasuka, nikafunga. Nikasuka wa pili. Nikasuka wa tatu. Vidole vilikwenda mbio kuliko akili.

Ndipo nikasikia kimya.

Ile filimbi ya kifua... ilikuwa imepungua. Nikafurahi, nikadhani homa inashuka. Nikashika mstari wa nne. Nilipokaza, pumzi nyuma ya pazia ikakatika. Nilipolegeza, ikarudi. Nikakaza tena, polepole, kwa kujaribu.

Ikakatika.

"Dada," nikanong'ona. "Unakwenda kilio cha nani?"

"Cha hapa."

"Hapa hakuna msiba."

"Bado mistari mitatu."

 Nikataka kutoa mikono. Haikutoka. Si mimi tena niliyeshika nywele, nywele ndizo zilizonishika mimi. Zilijisuka huku zikivuta vidole vyangu. Wa tano. Kule nyuma mtoto akakoroma mara moja, kama bomba linaloishiwa maji. Wa sita.

"Nilitaja mtindo tu," nikasema. Machozi yalikuwa yananidondokea kifuani. "Sikukuitikia."

"Mimi nimesema twende. Wewe umesema haya."

Mlango ukalia.

Shangazi Uzi, chupa ya dawa mkononi. Akaangalia kigoda, akaangalia mikono yangu. Hakupiga kelele. Akaiweka dawa mezani taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani akamkuta mgeni aliyemngoja miaka.

"Mistari mingapi?" akaniuliza.

"Sita."

Akautoa uzi mdomoni. Sikuwahi kuuona mdomo wake mtupu. Ulikuwa mdomo wa mtu mwingine.

"Mgeni," akasema, "huyu mwanafunzi wangu anajua vidole, maneno hajui. Na huyo uliyemfuata hana hata unywele. Nilimnyoa mwenyewe juzi, kwa homa. Utamshika wapi?"

 Kichwa cha mgeni kikageuka kidogo, kuelekea kwenye pazia, kikarudi.

"Twende kilioni," akasema. Safari hii hakuwa anasema na mimi.

"Shangazi, usi..."

"Haya," Shangazi akasema. "Twende. Ila mstari wa saba hausukwi."

Vidole vyangu vikaachiwa, nikaanguka chali. Nilipoinuka, kigoda kilikuwa kitupu. Chini yake, pale pale nilipofagia, palikuwa na udongo mbichi wa kujaa kiganja.

Nyuma ya pazia mtoto akakohoa. Akaomba maji.

Shangazi akampa dawa kwa mkono wake, kijiko kimoja. Mimi akanikataza kulia. "Ukilia," akasema, "utakuwa umekianza kilio." Usiku ule nililala karibu naye. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, niliziona kwa macho yangu.

Siku ya tatu Shangazi hakuamka.

Wanawake waliomwosha wakaniita. Mkubwa wao, bibi mmoja jirani, alifunua kitambaa, akaniuliza ulimsuka lini. Sikumsuka. Lakini kichwani palikuwa na mistari sita minene ya kwenda nyuma, na mkono ulikuwa wangu. Msusi anaujua mkono wake kama wewe unavyoujua mwandiko wako. Wa saba ulikuwa umechanwa tu, ukaachwa wazi.

Yule bibi akanivuta pembeni. "Unadhani uzi ule aliuweka mdomoni kwa ajili ya kazi?" akanong'ona. "Aliuweka tangu usichana wake. Yeye naye aliwahi kumwitikia mtu, magharibi kama ile. Dada yake hakumaliza wiki."

Zaidi ya hapo hakusema. Na mgeni alikuwa nani, mpaka leo sijui.

Mali ya marehemu tuligawana kama kawaida. Chumba cha mbele alikirithi binamu yangu. Akaweka vioo na taa kubwa, na saa kumi na mbili kamili anafunga, hata mteja akiwa na kichwa nusu. Kitana kilimwendea Mama Mkubwa alipokua, na ndiye mwenye ule mstari wa saba usiosukika kichwani. Usukwe asubuhi, jioni umefumuka. Kigoda anacho mama yenu, ndicho hicho cha jikoni. Mmeshawahi kumwona anakikalia jua likizama?

Na mimi nilirithi uzi. Nimeutoa mdomoni leo ili niwasimulie, nikauweka hapo dirishani.

Nipeni uzi wangu, magharibi imeingia. Na huyo anayegonga, msimwitikie.